Bibi wa Mofu Aliyejitangaza Marehemu

Simu ilipigwa Jumanne asubuhi, nimekaa barazani kwangu nachambua mchicha. Namba ilikuwa ya mhudumu wetu wa kujitolea kule Mofu, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo, isiyo na haraka.

"Naongea na katibu wa mambo ya wazee?"

"Ndiyo mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeona niwape taarifa. Yule bibi yenu wa huku amefariki juzi." Akamtaja jina. "Tumeshazika."

Nilisimama, mchicha ukamwagika. "Jamani! Kwani alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Uzee tu."

"Poleni sana. Na wewe ni nani wake, mama?"

"Mimi ni mdogo wake."

Nikampa pole tena, nikamwambia bodi itakuja kuhani njia ikipitika. Akasema msijisumbue, akakata. Nikaingia ndani nikalifungua faili la majina, nikapiga mstari wa rula juu ya jina lake na pembeni nikaandika: amefariki. Miaka thelathini na mbili ya kufundisha shule ya msingi imenizoesha kufuta kwa rula. Kisha nikatuma ujumbe kwenye kundi la bodi. Wenzangu wakajibu mmoja mmoja. Raha ya milele. Mungu amrehemu. Pole Mwalimu.

Shirika letu ni dogo. Lilianzishwa na watu wa hapa hapa Ifakara tulioona wazee wengi wanabaki peke yao vijijini, watoto wamekwenda kutafuta maisha. Bodi ina watu saba, lakini ukiniuliza tunaofanya kazi ni wanne. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa vitambaa, babu yake alikuja bondeni kutoka pwani na familia haijaondoka tena. Yupo nesi mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya wodini mpaka leo. Yupo katekista mstaafu, Mpogoro mpole kutoka upande wa Mahenge. Na mimi, katibu. Tunagawa mablanketi, sabuni na vyandarua, na kila kijiji tuna mhudumu anayewatembelea wazee walioandikwa. Nilikuwa najivunia orodha ile. Niliiandaa mwenyewe, na fomu zake zote nilizitunga mimi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mto Lumemo ulipanda, maji yakaingia mpaka kwenye nyumba za watu, na njia ya Mofu ikawa ziwa. Hatukwenda kuhani mwezi wa nne, hatukwenda wa tano. Katekista alimtaja marehemu kwenye nia za misa, jina lake kamili, Jumapili mbili mfululizo. Mwenyekiti naye alimwombea dua dukani kwake ingawa bibi hakuwa Mwislamu. Alisema mzee ni mzee.

Mwezi wa sita njia ilipokauka, tukapanda pikapu ya mwenyekiti, yeye akiendesha. Mbele alikaa na nesi. Mimi na katekista tulikuwa nyuma juu ya gunia la makapi, tumeshikilia ukingo. Tulibeba kilo nne za sukari, majani ya chai, na doti moja ya khanga kwa ajili ya yule mdogo wa marehemu. Baada ya Namawala vumbi lilitufunika mpaka nyusi. Pande zote mbili za njia mpunga ulikuwa umevunwa, mabua yamesimama wima kwenye ardhi iliyopasuka, na yangeyange wanatembea humo wakidonoa. Katekista alikuwa akirudia kimoyomoyo sala atakayosema kaburini. Nilimwona midomo ikicheza.

Tuliikumbuka nyumba. Ni nyumba ya bati yenye vyumba viwili, ina jiko la udongo la kujitegemea pembeni, limeezekwa kwa nyasi. Uwanjani mpunga ulikuwa umeanikwa juu ya turubai la bluu. Mwanamke mmoja alikaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, anapeta mchele kwenye ungo. Nikajua huyo ndiye mdogo wake. Nikatangulia, kama ilivyo kazi ya katibu.

"Hodi hapa. Shikamoo mama. Poleni na msiba."

Ungo ukasimama. Akageuka.

"Marahaba," akasema. "Karibuni."

Ule uso niliujua vizuri kuliko nyuso za ndugu zangu wengine. Ulikuwa kwenye kalenda ya shirika letu, ukurasa wa mwezi wa sita, na kalenda hiyo ilining'inia juu ya meza yangu ya chakula. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekunywa chai nikiutazama, nikasikitika kwamba tumechelewa kuja. Kovu dogo juu ya jicho, mashavu yaliyoingia ndani, vyote vilikuwepo, na sasa vilikuwa vinanitazama.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza kama nilipiga kelele. Nilikaa chini pale pale, juu ya ukingo wa turubai, mpunga wa watu ukaingia kwenye viatu vyangu. Nyuma yangu nilisikia mfuko wa sukari umeanguka na kupasuka. Katekista alipiga ishara ya msalaba, akairudia, akairudia tena. Mwenyekiti, mwanaume wa kilo mia na zaidi, alirudi nyuma mpaka akagonga pikapu yake mwenyewe, akisema audhubillahi, audhubillahi.

Nesi peke yake ndiye aliyesogea mbele. Alimwendea bibi bila kusema neno, akamshika kifundo cha mkono, akakibana kwa vidole viwili na kuitazama saa yake.

"Mapigo yapo," bibi akamwambia. "Hesabu tu."

"Sabini na mbili," nesi akasema. Ndipo akauachia mkono na kuanza kulia.

Bibi alituacha tukatulia. Aliingia ndani akatoa mkeka, akautandika kwenye kivuli cha nyumba, akatuonyesha tukae. Alitembea vizuri tu. Niliitazama miguu yake kama mtoto anavyomtazama mgeni, na niliona aibu kufanya hivyo, lakini sikuweza kuacha.

Mwenyekiti ndiye aliyepata sauti kwanza. "Bibi, tuliambiwa umekufa. Ni nani huyo mshenzi aliyepiga simu kumzulia mtu kifo?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Niliazima simu ya mjukuu wangu, mhudumu wenu, nikampigia Mwalimu. Nikamwambia nimekufa." Akanigeukia. "Ulinipa pole vizuri sana. Ahsante."

Sauti ilikuwa ile ile, kavu, isiyo na haraka. Nilishangaa ilikuwaje sikuitambua siku ile. Nimekaa nayo mara tatu kwenye ugawaji wa mablanketi. Baadaye nimewaza kwamba huenda sikuwahi kuisikia, kwa sababu siku hizo aliyekuwa anaongea ni mimi.

Katekista alikuwa amefadhaika. "Mama, nimekutaja kanisani. Nimekuombea raha ya milele mbele ya waumini!"

"Niliambiwa. Ahsante baba. Itanifaa mbele ya safari."

"Lakini kwa nini?" mwenyekiti akapandisha sauti. "Kwa nini mtu mzima ajitangazie kifo? Tumekukosea nini sisi? Tumekuletea blanketi, tumekuletea sabuni!"

Wakati huo mhudumu wetu alikuwa ameshafika mbio, khanga imefungwa upande, mtu amempasha habari kwamba gari la bodi liko kwa bibi. Alipotuona alipiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye watoto wakubwa. "Nisameheni wazee wangu. Ni bibi yangu kwa ukoo. Aliniomba, ningefanyaje?"

"Inuka," bibi akamwambia. "Hujafanya kosa. Waeleze habari ya fomu."

Mhudumu akaeleza akiwa amepiga magoti vile vile. Bibi alimwomba mara mbili amtoe kwenye orodha. Mara ya kwanza alidhani ni hasira za kupita. Mara ya pili akaichukua fomu ya kumwondoa mtu, akaijaza, akafika kwenye sababu. Sababu kwenye fomu zilikuwa mbili tu za kuwekea alama. Amehama. Amefariki.

"Nikamwambia, kuhama sihami," bibi akasema. "Shamba langu liko hapa, kaburi la mume wangu liko hapa. Basi ikabaki moja."

Aliyasema hayo bila kucheka. Fomu ile niliitunga mezani kwangu alasiri moja, na ninakumbuka nilivyoridhika nayo kwa kuwa ilikaa kwenye karatasi moja. Haikunijia akilini kwamba mzee anaweza kutotaka.

"Na kwa nini ulitaka kutoka, Bibi?" nesi akauliza taratibu.

Bibi akaniangalia mimi, si yeye. "Mwalimu anajua."

"Sijui, Bibi," nikasema. Na kweli, wakati ule, sikujua.

"Mwezi wa kwanza nilikuja Ifakara, kliniki. Napita pale sokoni, naona watu wanatazama kwenye uzio. Na mimi nikatazama. Nikajikuta nimetundikwa." Alinyoosha mikono kuonyesha upana wa bango. "Mkubwa hivi. Kichwa changu tu kilikuwa kama mlango. Na chini mmeandika. Mimi nilisoma elimu ya watu wazima, Mwalimu. Nasoma polepole, lakini nasoma. Mmeandika, *Hana mtu duniani.*"

Akaishusha mikono.

"Mimi nina mtoto Mlimba. Nina wajukuu wanne. Nina huyu hapa anayewapigia magoti. Nimezaa, nimelea, nimezalisha wanawake wa kijiji hiki kabla zahanati haijajengwa. Nani alikwambia sina mtu?"

Wenzangu wote walinitazama. Ningeweza kusema ni mpiga picha, ningeweza kusema ni kiwanda cha uchapaji. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeniambia. Niliyaandika maneno yale mwenyewe, nikiwa na picha yake mbele yangu, nikitafuta kitu cha kumgusa msomaji. Nilijaribu maneno mengine mawili matatu yakawa marefu. Hayo yakatosha kwenye nafasi.

"Niliandika mimi," nikasema. "Sikumuuliza mtu."

"Na siku ya kupiga hiyo picha," akaendelea, "mimi nilifurahi. Mmekuja wageni, mmeleta vitu, nikacheka. Ukanijia, ukanishika bega, ukaniambia, 'Bibi, usicheke. Fumba mdomo, picha haitafaa.' Nikafumba."

Nilitaka kukataa. Kinywa kilifunguka kabisa nikatae. Halafu nikaliona bega lile chini ya mkono wangu, jinsi lilivyokuwa jembamba na lenye joto la jua, na nikasikia sauti yangu ya darasani ikimwambia mama mwenye umri wa kunizaa afumbe mdomo. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu kwangu ilikuwa jambo dogo la kazi.

"Binti yangu aliiona kalenda Mlimba, kwenye ukuta wa duka la dawa, watu wakiifunua kurasa, na maneno yale yale," bibi akasema. "Watu wakamuuliza, kumbe mama yako anaomba? Alikuja hapa analia. Alinigombeza mimi. Akadhani ni mimi niliyewaambia sina mtu. Tangu siku hiyo hajaja. Basi nikaona bora nife huko kwenu, nibaki huku kwetu."

Mwenyekiti alikuwa ameshusha macho. Nesi alijaribu kuokota sukari iliyomwagika, akaikusanya na mchanga.

"Na siyo mimi peke yangu," bibi akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wako wengine wamekufa kama mimi. Tafuteni."

Tulipompa vile tulivyobeba alivitazama kimoja kimoja. "Khanga ni za msiba, na msiba haupo. Rudini nazo. Sukari nitaipokea, ni ya wageni." Akachukua mfuko mmoja mzima, akaingia jikoni, akatupikia chai. Tuliinywa. Ilikuwa na tangawizi, nzuri sana.

Kurudi Ifakara mimi na katekista tulikaa nyuma tukitazama vumbi letu wenyewe.

Keshoye nililitoa faili. Tangu mwaka uliotangulia majina saba yalikuwa yamefutwa. Tukagawana, mimi na nesi upande mmoja, mwenyekiti na katekista upande wa pili, tukazunguka kwa pikipiki na kwa miguu kuwatafuta marehemu wetu na waliohama. Wanne walikuwa wamekufa kweli, tulionyeshwa makaburi na tukasimama tukaomba. Mmoja alikuwa amehama kweli, kachukuliwa na mwanawe. Wawili waliobaki ni bibi wa Mofu na mzee mmoja wa Katindiuka, ambaye fomu yake ilisema amehamia kwa mpwa wake Mahenge.

Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, anasuka mgono wa kutegea kambale. Vijiti vilikuwa kati ya magoti yake. Alituona tukishuka kwenye pikipiki. Mimi alinifahamu. Akainuka polepole, akauchukua mgono wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Tukasikia komeo.

"Hodi, babu," nesi akaita. "Shikamoo."

"Nimehama!" akajibu kutoka ndani.

Nesi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, na ghafla nilipomtazama machozi yalikuwa yanamtiririka. Tulisimama pale kwa muda. Hakufungua. Nilisema kwa sauti, nikiuambia mlango, kwamba hatukuja kuandika wala kupiga picha, tumekuja kumwomba radhi kama tumemkosea. Kutoka ndani akasema, "Mlinipanga mstari na mlemavu mbele yangu ameanguka juani, mnasubiri mgeni rasmi afike ndiyo mgawe sabuni. Mimi nilikuwa fundi mwashi. Nimejenga nusu ya nyumba za mtaa huu. Nendeni salama."

Siku ile naikumbuka. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Tulikuwa tumewekewa viti na turubai la kivuli sisi bodi, na nadhani nilikunywa soda.

Kikao cha bodi kilifanyika chumba cha nyuma dukani kwa mwenyekiti, tumezungukwa na majora ya vitenge mpaka darini. Wajumbe wote saba walikuja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwenyekiti alifungua kwa kusema mhudumu wa Mofu ameidanganya bodi na lazima aondolewe. Mjumbe mmoja ambaye hatumwoni kwa miezi akaunga mkono kwa sauti kubwa. Akasema wazee wa siku hizi hawana shukrani.

Hapo katekista, ambaye katika miaka yote sijawahi kumsikia akimkatiza mtu, aligonga meza. "Mimi nimemwombea mtu aliye hai raha ya milele akiwa anapeta mchele," akasema. "Nimepata aibu hiyo. Nimekwenda kwa padri nimemweleza. Lakini tangu nitoke kule silali kwa kuwaza jambo moja. Mtu kaona kufa ni rahisi kuliko kutuambia sisi hapana. Nani wa kuondolewa hapo?"

Mwenyekiti alichukua ncha ya kitenge kilichokuwa karibu naye, akaikunja, akaikunjua.

Nikasema yangu. Niliwaeleza habari ya maneno kwenye bango, habari ya kumkataza kucheka, habari ya fomu. Wengine walikuwa hawajui. Niliwaambia niko tayari kuacha ukatibu siku hiyo hiyo, na barua nilikuwa nayo kwenye mkoba.

"Ukiondoka wewe," nesi akasema, "hizo kalenda atazikusanya nani?"

Ndivyo nilivyopata adhabu yangu, na sikuiona kubwa. Bango tuliliteremsha jioni ile, mwenyekiti mwenyewe amepanda ngazi. Kalenda zilikuwa zimetapakaa mji mzima. Nilikwenda duka kwa duka, saluni, ofisi, mashine za kukoboa mpunga, nikiomba. Watu walinishangaa. Mwenye mashine moja akaniambia, "Mwalimu, mwaka haujaisha, tarehe nitaangalia wapi?" Nikaona afadhali nichane ukurasa mmoja tu na kuwaachia nyingine. Mwanamke wa saluni alipouona ukurasa mkononi mwangu akasema, "Kwani huyu bibi maskini alishakufa?" Nikamwambia hapana, yuko mzima, ana mtoto na wajukuu, na ukurasa una makosa. "Makosa gani?" akauliza. Nikamsomea maneno yale matatu, nikamwambia hayo. Nilirudia hivyo kila nilipopita. Kuyasema tu kulikuwa kugumu mara ya kwanza, na mara ya ishirini kulikuwa kugumu vile vile.

Baadaye nilipanda treni kwenda Mlimba. Hakuna aliyenituma. Binti wa bibi anauza chakula jirani na stesheni, nilielekezwa mara moja tu nikafika. Mwanamke mnene kidogo, ana kovu la moto mkononi, anageuza samaki kwenye karai. Nilimwambia mimi ni nani. Hakuacha kugeuza samaki.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, lakini nimekuja—"

"Kula kwanza."

Akanipakulia wali na perege wa kukaanga, akaniwekea mezani, akaenda kuhudumia wateja wengine. Nilikula mbele ya watu nisiowajua huku nikijua kila mmoja wao huenda aliiona kalenda ile. Nilipomaliza akaja, akasimama upande wa pili wa meza, mikono kwenye aproni. Hakukaa.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Mama yako hakusema hana mtu. Niliyaandika mimi. Hakuyajua mpaka alipoyaona kwenye bango, kama wewe kwenye kalenda."

"Aliniambia. Sikumwamini." Alitazama pembeni. "Nilimwambia maneno mabaya."

Akafuta vidole kwenye aproni.

"Ile nyumba umeiona?" akauliza. "Ya bati."

"Nimeiona."

"Nimeijenga mimi, kwa hivi hivi visamaki. Bati nilizinunua mimi mwenyewe, nimezisindikiza kwenye lori mpaka Mofu ili zisiibiwe. Sasa nieleze, Mwalimu. Kwenye picha yenu nyuma ya mama kuna udongo na nyasi. Bati zangu ziko wapi?"

Nilidhani nimeshamaliza kushtuka. Nilidhani Mofu nilionyeshwa yote. Lakini pale mbele ya sahani yenye miiba ya samaki ilinijia siku ile yote, jua liko wapi, mpiga picha kasimama wapi. Bibi alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameshavuta kigoda akakiweka mlangoni, akajinyoosha khanga. Na mimi nilitazama bati zile mpya zinavyong'aa nyuma yake, nikamwambia asogee mpaka jikoni.

Ningeweza kusema ni mwanga. Wapiga picha husema hivyo.

"Nilimhamisha mimi," nikasema. "Nilitaka aonekane maskini."

Alinitazama muda mrefu. Mteja mmoja aliita chai, hakumsikia. Halafu akachukua sahani yangu, akaifuta mezani miiba iliyodondoka, akasema, "Angalau umesema," na akarudi kwenye karai lake. Hatukushikana mikono. Nilipotoka hakunisindikiza.

Nilirejea Ifakara nikiwa sijui kama nimefanya jambo jema au nimemwongezea mtu uchungu. Fomu tuliibadilisha. Sasa mzee anaulizwa yeye mwenyewe anataka nini, na anaweza kusema hataki, na hatumuulizi kwa nini. Sabuni na mablanketi hupelekwa nyumba kwa nyumba, bila kamera wala mgeni rasmi. Wajumbe wawili walijitoa, wakisema bila picha shirika halitajulikana. Huenda wana haki, maana mwaka uliofuata vitu tulivyopata kugawa vilikuwa vichache. Mhudumu wa Mofu yupo kazini. Mzee wa Katindiuka bado amehama, ingawa nesi akipita njia ile humsalimia kwa mbali na yeye huitikia.

Binti alikwenda Mofu mwezi wa tisa, nilisikia kwa mhudumu. Alikaa wiki nzima. Waliongea nini mimi sijui, wala sikuuliza.

Mwezi wa kumi simu yangu iliita, namba ngeni. Alikuwa yeye. Nyuma yake nilisikia mafuta yanachemka.

"Mwalimu, mama jicho la kushoto halioni vizuri. Anasema ni ukungu. Nimemsikia akisema yule nesi wenu alimpima mapigo vizuri. Anaweza kwenda kumtazama bila kumwandika popote?"

Nikamwambia anaweza. Nilivaa viatu, nikaenda kwa nesi kwa miguu, nikamkuta anaanika nguo. Alizitupa zote kwenye beseni zikiwa mbichi. Ijumaa ile alipanda pikipiki kwenda Mofu na tochi yake ndogo mkobani, na kwenye faili langu siku hiyo hakuna kilichoandikwa.